Sehemu ya 5: Lile Subaru la bluu, na swali la viti vya nyuma

Nilipoweka picha ya lile Subaru wiki iliyopita nilitegemea maswali ya chanjo na vipele kama kawaida yetu. Kumbe nimechokoza nyuki. Inboksi imejaa. Nusu ya walioniandikia ni kina mama ambao waume zao, kaka zao au vijana wao wamenunua gari la zamani la mbio, na sasa kila mwisho wa mwezi hela inaelekea gereji.

Kuna mmoja ana watoto wawili, mdogo ana miezi 8. Swali lake ndilo limenifanya niiweke kando mada ya kuachisha ziwa, nitairudia. Anasema: "Nesi, mume wangu anataka kutoa viti vya nyuma afunge vile vyuma vya rally. Anasema watoto watakaa kwenye kigodoro, safari zetu zenyewe ni za hapa hapa mjini. Nikimkatalia nitaonekana mshamba?"

Huonekani mshamba hata kidogo. Nitakujibu, ila nivumilie, maana jibu lenyewe linapitia kwenye injini kwanza.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni muuguzi hapa Songea, miaka 14 kazini, mingi nimeitumia wodi ya watoto na mapokezi ya dharura. Magari sikuyasomea. Nimeolewa nayo. Baba watoto amekulia Iringa, na mtoto wa Iringa akishakula lile vumbi la Mkwawa Rally akiwa mdogo, basi, amekwisha. Wengine wanakusanya mashati, yeye alikuwa anakusanya picha za magari yaliyochafuka. Miaka mitatu iliyopita akanunua Impreza WRX ya 1996, lita 2, turbo, gia za mkono, kutoka kwa mtu wa tatu au wa nne kulimiliki. Ndoto yake ni siku moja kushiriki, hata akiwa wa mwisho. Na tusimcheke. Mashindano haya yana mizizi huku kwetu: yalianza 1953 kama East African Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Subaru kama hili letu, ila la kiwandani na la mamilioni, lilishinda Safari Rally mwaka 1997 likiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 likiendeshwa na Richard Burns. Yule Mkenya Patrick Njiru naye jina lake na Subaru vilikuwa kitu kimoja. Kwa hiyo mwanaume wa Songea akililia Subaru siyo kwamba kachanganyikiwa. Ana sababu zake.

Sasa. Hilo ndilo gari pekee tulilonalo. Ndilo linalopeleka watoto shule mvua ikinyesha, ndilo lilinipeleka mimi kujifungua huyu mdogo. Na mwaka jana lilianza kuumwa. Ukipanda mlima, tuseme unaelekea Mbinga, mshale wa joto unapanda, nguvu zinaisha, na ukisimama unasikia maji yanatokota kwenye chupa ya akiba. Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilifungua boneti, ikaangalia dakika tano, ikasema: "Injini imekufa, tafuta nyingine." Bei waliyotaja ilikuwa ada ya watoto wote wawili kwa mwaka mzima na chenji kidogo.

Hapo ndipo niliingilia. Sijui kufungua injini, lakini dakika tano nazijua. Mnakumbuka zamani kila mtoto mwenye homa alikuwa anapewa dawa ya malaria bila kupimwa? Leo mtoto akija na homa tunamtoboa kidole kwanza, tunasoma kipimo, ndipo tunaongea habari za dawa. Kwa nini gari lipewe injini mpya bila kutobolewa kidole?

Nikamwambia baba watoto leta daftari. Tukaandika historia ya mgonjwa. Linachemsha lini: mlimani tu au hata likisimama? (Foleni hatuna hapa, namshukuru Mungu.) Maji yanapungua? Kila baada ya siku ngapi, kiasi gani? Oili ikichomolewa ina rangi ya oili au ya chai ya maziwa? Asubuhi moshi ni mweupe unaodumu au ni ule mvuke wa baridi unaopotea? Nani alilifungua mara ya mwisho, na alibadilisha nini? Hilo swali la mwisho ndilo lilitusaidia kuliko yote, na utashangaa ni mafundi wangapi hawaliulizi.

Fundi wa pili, kijana mtulivu wa huku Bombambili, alipolisoma lile daftari alicheka, halafu akanyamaza, halafu akaanza kazi. Alianza na kitu cha bei ndogo kuliko vyote: kifuniko cha rejeta.

Hapa naomba niwaeleze kidogo kwa sababu nilifurahi mno. Kuna mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji hospitalini, otokilevu. Maji ya kawaida hayawezi kufika joto linaloua kila mdudu, kwa sababu yanachemka mapema na kugeuka mvuke. Hapa kwetu Songea tuko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hata 100 hayafiki. Lakini ukiyafungia kwa presha, yanapanda mpaka 121 bila kuchemka. Rejeta ndiyo hivyo hivyo. Kile kifuniko kina springi inayobana presha, na kwa hiyo maji yanavumilia joto kubwa bila kutokota. Springi ikichoka, presha inatoka, maji yanachemka kama ya chai, na ukiwa mlimani ndiyo kabisa. Kifuniko chetu springi yake ilikuwa laini kama ya kalamu. Kitu cha hela ya kilo chache za nyama.

Lakini hakikuwa peke yake, wagonjwa wetu huja na magonjwa mawili mawili. Fundi alifungua bomba la chini la rejeta akatafuta themostati. Hakuna. Aliyetutangulia aliitoa! Hii tabia ya kutoa themostati mnaijua: gari likichemsha tu, mtu anakwambia "toa hiyo, maji yapite kwa uhuru." Kwenye injini kama hii themostati inafanya kazi mbili. Injini ikishapata moto inafungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta, na wakati huo huo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto yanazunguka humo humo bila kupita kwenye rejeta kupoa. Kwa hiyo asubuhi gari linachelewa kupata joto na kunywa petroli nyingi, na mlimani linachemsha. Umetoa mlinzi wa geti ukidhani ndiye mwizi.

Kilichotutia hofu ni gasketi ya silinda hedi. Ikiungua, moshi wa ndani ya silinda unapenya kwenye maji, na hapo kweli ni kufungua injini nzima. Kuna kipimo chake cha dawa ya bluu. Unaiweka juu ya mdomo wa rejeta, unavuta hewa inayotoka kwenye maji, na ikiwa kuna moshi wa injini ile bluu inageuka njano. Tulisimama pale kama watu wanaosubiri majibu ya maabara. Nilikuwa nimembeba mdogo mgongoni. Dakika mbili, tano, kumi. Bluu ikabaki bluu.

Na ile nguvu kuisha je? Magari ya Subaru ya miaka ile yana kitu kizuri: chini ya usukani kuna soketi ndogo nyeusi, ukiziunganisha na kuwasha swichi, taa ya injini inaanza kukonyeza. Mwako mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Hakuna kompyuta wala nini. Nilihesabu mimi, saa yangu ya kazini mkononi, kama nahesabu mapigo: mirefu miwili, mifupi miwili. Ishirini na mbili. Hiyo ni sensa ya nokingi, sikio linalosikiliza kama mafuta yanalipuka vibaya ndani ya silinda. Sensa ikiharibika, kompyuta ya gari inakuwa kama mama aliyeambiwa mtoto ana homa lakini hana kipimajoto: anaogopa, anapunguza kila kitu. Inachelewesha cheche, gari linakuwa zito, na joto linaongezeka. Sensa ilikuwa na ufa unaoonekana kwa macho.

Jumla: kifuniko, themostati, sensa, kulanti mpya badala ya maji ya bomba yaliyokuwa na kutu, na nusu siku ya kutoa hewa. Injini hii pistoni zake zimelala ubavu, hewa inajificha humo, inabidi uinue pua ya gari na ujaze taratibu kama unamlisha mtoto uji wa kwanza. Hatukununua injini. Ada ililipwa.

Mtu akishapata gari zima, basi, anataka kuliongeza makali. Na hapo ndipo mazungumzo ya nyumbani yalipoanza kweli.

Alikuja na orodha. Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa kuongeza boosti, yaani turbo isukume hewa zaidi. Ya mwisho kabisa, chini kwenye kona, ilikuwa breki. Nikachukua kalamu, nikaigeuza orodha kichwa chini miguu juu. Hakuna kingine nilichofanya.

Mafuta ya breki, mama zangu, mnayajua? Yale ya kwenye kikopo kidogo. Yanavuta unyevu wa hewa, hata yakikaa tu kwenye gari. Yale yanayoandikwa DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango chake kinashuka mpaka karibu 155. Sasa teremka ile barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay, kona juu ya kona, mguu kwenye breki muda wote. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Unakanyaga, pedali inakwenda mpaka chini, gari halisimami. Hii siyo habari ya mbio peke yake, ni habari ya kila gari la familia ambalo halijabadilishwa mafuta ya breki tangu litoke bandarini. Sisi tulibadilisha mafuta, hozi za mpira zilizokuwa zimechanika ngozi, diski za mbele na pedi nzuri. Halafu matairi. Angalia ubavuni mwa tairi, kuna tarakimu nne: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na likawa zee kuliko mtoto wako wa darasa la nne. Shokapu na bushi zikafuata. Hayo yote yanasaidia mbio na yanasaidia kwenda sokoni, kwa hiyo sikuwa na neno.

Boosti nilimwachia fundi aijibu. Alimwambia hivi: injini hizi Wajapani walizitengenezea petroli yao yenye okteni ya juu. Hii tunayojaza hapa iko chini ya hiyo. Ukisukuma hewa zaidi kwenye petroli dhaifu, mafuta yanalipuka kabla ya wakati, na pistoni inavunjika kingo. "Kaka, utakwenda haraka mara moja." Baba watoto alikunja orodha akaiweka mfukoni.

Sasa viti na vyuma. Hapa ndipo swali lako, mama wa miezi 8.

Vile vyuma vya rally siyo urembo. Gari likibingirika vinazuia paa lisimponde dereva, na kwenye mashindano yanayosimamiwa na AAT hakuna atakayekuruhusu kuanza bila hivyo. Lakini vimetengenezwa viende pamoja na vitu vingine vitatu: helmeti kichwani, kiti kinachokubana mabega na kiuno, na mikanda ya mbio inayokufunga kama mzigo. Dereva wa rally kichwa chake hakiwezi kufika kwenye chuma, na kikifika kina helmeti. Sasa ondoa helmeti. Weka mtoto. Lile bomba la chuma liko sentimita chache kutoka kwenye fuvu ambalo kwa mtoto wako wa miezi 8 bado lina utosi laini. Hata ajali ndogo ya pale roundabout, ambayo kwenye gari la kawaida angelia tu na kunyamaza, inatosha. Kitu kinachomwokoa baba kwenye mbio kinaweza kumuua mtoto kwenye safari ya kwenda kanisani.

Na viti vya nyuma vikitoka, mikanda imetoka. Kigodoro hakishiki mtoto. Najua wengi mtasema mbona sisi tunawapakata tu. Ngoja nikwambie nilichokiona mapokezi, bila kumtaja mtu: mama mzima, hana hata mkwaruzo, anashangaa mikono yake. Alimshika mwanaye kwa nguvu zake zote. Gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 9 anakuvuta kwa nguvu ya mzigo unaozidi kilo 100. Hakuna mama mwenye mikono hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema kiti cha mtoto kinaweza kupunguza vifo kwa takriban asilimia 60, na hiki kiti siyo lazima kiwe kipya cha dukani Dar. Gari la 1996 halina zile ndoano za kisasa za kufungia kiti cha mtoto, lakini kiti kinafungwa kwa mkanda wa kawaida wa nyuma, na mtoto mdogo anakaa akiangalia nyuma. Ndiyo maana siti ya nyuma na mkanda wake ni vifaa vya afya, kama chandarua.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni: mkatalie, na mpe njia. Usimwambie "acha utoto," maana hapo umeanzisha vita ya heshima na gari litakatwa kesho asubuhi. Mwambie gari likifungwa vyuma halibebi mtoto tena, hata mita mia, hata mvua inyeshe. Mwachie achague: la mbio au la familia. Mimi nilimwambia wangu hivyo hivyo, mezani, watoto wamelala. Alinyamaza siku mbili. Nilimhurumia, kwa sababu najua lile gari kwake ni nini. Siku ya tatu akaniuliza, "Na tukipata gari lingine?" Nikamwambia tukipata lingine, nitakushikia tochi wakati unachomelea.

Kuna mambo mawili matatu mengine nisiyaache, hata kama gari lenu siyo la mbio.

Ekzosi. Vijana wanatoa masega ili gari linguruma, au wanafungua maungio karibu na turbo na kurudishia gasketi ile ile ya zamani. Moshi unavuja chini ya sakafu, unapanda ndani. Hewa ya ukaa ile mbaya, monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu baridi kali, mnafunga vioo vyote, watoto wanalala nyuma. Mtoto anayelalamika kichwa kila mkisafiri, anatapika, analegea, halafu mkifika na kupata hewa anachangamka: msiseme tu ni kizunguzungu cha gari. Fungueni vioo, na fundi aangalie ekzosi. Na huko kunguruma kwenyewe, masikio ya kichanga hayana kifuniko.

Vimiminika. Kulanti ina rangi nzuri, na nyingi ina ladha tamu. Mafundi wanaigawa kwenye chupa za soda na za maji. Mama, chupa hiyo isivuke mlango wa nyumba yako. Mtoto akiinywa mwanzoni anaonekana kama kalewa tu, anapepesuka, watu wanacheka. Figo zinafuata baadaye. Hospitali mara moja, na njoo na hiyo chupa tuione. Petroli ni hivyo hivyo na zaidi: mtu ananyonya kwa mpira ili kuhamisha kwenye dumu, mtoto anaangalia, kesho anaiga. Akimeza petroli au mafuta ya taa USIMTAPISHE. Usimpe maziwa. Ile ikipanda tena koo inaingia kwenye mapafu, na mapafu ndiyo yanayotuliza sisi wauguzi usiku kucha. Mlete vile alivyo.

Na kifuniko cha rejeta ya moto, kile nilichokisifia hapo juu. Mmeelewa sasa kwa nini hakifunguliwi gari likiwa la moto: ndani kuna maji ya nyuzi zaidi ya 100 yanayosubiri kuruka. Mtoto anayesimama karibu na boneti uso wake uko usawa wa ile rejeta. Akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, hesabu kwa saa. Siyo dawa ya meno, siyo yai, siyo unga. Dakika ishirini ni ndefu mno mtoto akilia, najua, mshike tu hapo hapo kwenye bomba, kisha mfunike kitambaa safi mje.

Basi, letu mpaka leo lina viti vyote, mikanda yote minne ya pembeni imepimwa, breki zinashika, na mlima wa Mbinga linapanda mshale umetulia katikati. Vile vyuma bado vimelala nyuma ya nyumba, alivinunua kabla hatujaongea, kuku wanalalia juu yake. Jumamosi iliyopita kanionyesha kwenye simu picha ya Noah ya mtu wa Njombe, bei anasema inaongeleka. Nimemwambia asipeleke hela. Ailete Songea kwanza, niingie nyuma nivute mikanda mmoja mmoja, halafu tuangalie tarehe za matairi.

Wiki ijayo tunarudi kwenye kuachisha ziwa. Wenye maswali ya viti vya watoto niandikieni umri na kilo za mtoto, nitawajibu nikitoka zamu.